Paa na Fisi Kandokando ya Ziwa

Asubuhi moja Fisi alimkurupusha Paa. Paa akashika njia pekee aliyofundishwa na mama yake, ile inayopita msituni, ikavuka kijito na kulizunguka ziwa mpaka ikarudi ilipoanzia. Walizunguka na kuzunguka hadi jua likawa la utosi. Paa hakusikia tena kishindo nyuma yake, lakini aliogopa kusimama.

Alipofika kijitoni akaona mkia mbele yake. Kumbe alikuwa amemfikia Fisi kwa nyuma! Mama yake hakumfundisha la kufanya hapo.

“Pita, ndugu yangu,” Fisi alihema, pua ikiwa chini kwenye nyayo. “Mimi kuna Paa namfukuza.”

“Yule?” Paa alinong'ona. “Mbona ameshaogelea kwenda ng'ambo, mjomba!”

“Na harufu hii iliyojaa hapa?”

“Hiyo ni ya asubuhi.”

Fisi akajibwaga majanini, akafumba macho. “Miguu yangu mie! Si ungekuja mapema ukaniambia?”

“Nimekimbia nilivyoweza, mjomba,” Paa akasema, akampita akitembea.