Koti la Kukamulia

Asubuhi ya kwanza ng'ombe alimpiga teke, na ndoo ikaruka hadi ukutani.

Mama Mungai, aliyesimama mlangoni mwa zizi, alicheka mpaka akashika ubavu. "Amekusahau," akasema. "Ulipoenda, Krismasi alikuwa ndama tu. Miaka saba si mchezo. Kuja uvae koti, ndilo analojua."

Lilikuwa koti zito la kijani, limepauka mgongoni. Safari ya Uarabuni ilipofika liliachwa kwenye msumari, maana huko ni joto, na tangu hapo Mama ndiye aliyelivaa kila alfajiri akikamua. Sasa lilimbana mabegani. Mama alimpapasa mgongo, akarudia tena mabegani, kisha akasema kazi za huko zimempanua. Krismasi akanusa mkono wa koti, akatulia, akaachilia maziwa.

Siku tisa zilipita hivyo. Nyumba hakuijua, wala majirani hawakumjua, kwa sababu Mama alihama Kesses na kununua kipande hiki cha Kapseret miaka mitatu tu iliyopita. Kijana alijifunza kwamba mlango wa jikoni huinuliwa kidogo ndipo ufunge, na kwamba chumvi hukaa kwenye mkebe wa kakao. Mama hakuona tena ila mwanga, lakini ndiye aliyemwongoza.

Begi alilokuja nalo lilikuwa bado limefungwa, chini ya kitanda.

Alikuwa amekuja na jambo la kusema. Alilifanyia mazoezi ndani ya ndege, akalirudia kwenye boda kutoka uwanjani. Lakini geti lilipolia Mama alitoka nje, mikono imetangulia, akauliza, "Mungai?" Kijana akasema tu, "Nimefika, Mama." Tangu hapo kila jioni alipiga magoti akaomba nguvu ya kusema, na kila asubuhi akavaa koti. Aliogopa kwamba siku atakayosema ndiyo atakayomuua.

Mama naye aliahirisha mambo. Kwa miaka miwili alikataa kwenda hospitali ya Plateau kutolewa mtoto wa jicho, akisema atapelekwa na Mungai. Sasa kila Musimbi wa nyumba ya pili alipomkumbusha, jibu lilikuwa wiki ijayo. Watu wa kanisa walitaka kuja kutoa shukrani; akawaambia kijana apumzike kwanza. Musimbi akamtania kwamba anamficha kijana kama bibi harusi. Mama alicheka, lakini siku hakuweka.

Asubuhi ya kumi, baada ya kukamua, walikaa jikoni na Mama akaombea chai. Aliwaombea wote kwa majina, kama kawaida yake. Alimtaja Musimbi, akamtaja Krismasi, akaombea na mvua. Mwisho akasema, "Na huyu uliyenifikishia mlangoni, Baba, umlinde."

Chai ikaanza kupoa. Alisimama, akavua koti, akaliweka mapajani mwa Mama.

"Mama, kuna jambo nililokuja kukuambia."

Mama alilikunja koti polepole, mkono juu ya mkono, akalikumbatia kifuani na kuinamisha uso juu yake.

"Nilitaka siku chache tu," akasema. "Mungu amenipa tisa."

Kisha akainua uso kuelekea dirisha lenye mwanga.

"Sasa niambie walimzika wapi Mungai wangu. Halafu unipe namba ya mama yako, nimwambie kwamba wa kwake amefika."