Sauti ya Safu ya Tisa

Siku hizi duka linaponunuliwa, ujuzi wa mwenye duka huenda pamoja na mizani na rafu. Atupele aliuza duka lake la dawa za mifugo miaka miwili iliyopita. Tangu hapo sauti yake, ikitoka kwenye mashine, inawahudumia wateja kwenye safu ya tisa ya Soko Kubwa lililolinunua, na yeye mwenyewe haruhusiwi kumshauri mtu, hata mtoto aliyemzaa. Bangili aliyovalishwa siku ya kutia saini husikia kila neno.

Asubuhi hiyo binti yake, Tumpe, alimwita bandani. Kuku watatu walikuwa wamepinda shingo, na kinyesi chao kilikuwa cha kijani.

"Mama, hawa wana nini?"

Atupele alitazama mara moja tu, akajua ni ugonjwa wa mdondo. Enzi za duka lake, mteja wa namna hii angerudishwa nyumbani mikono mitupu, maana mdondo hauna dawa. Kinachobaki ni kuwatenga wazima siku hiyo hiyo.

Aliigusa bangili.

"Nenda safu ya tisa," alisema.

Saa sita Tumpe alirudi na chupa mbili.

"Umesema niwape wote, asubuhi na jioni," alisema kwa furaha. "Halafu umeniita mwanangu."

Atupele aliisoma chupa. Ilikuwa dawa ya minyoo. Akamshika kuku wa kwanza, akampanua mdomo.

Kufika jioni, kuku kumi na mmoja walikuwa wamelala ubavu. Tumpe akachukua baiskeli.

"Ngoja nikakuulize tena," alisema.