Mikono ya Cibalonza

Asubuhi ya Pasaka, mwaka 1986, walipomletea kitukuu wake wa siku tatu, bibi Cibalonza aliificha mikono chini ya kitenge, kama ilivyokuwa desturi yake.

Alizaliwa wiki ile nyota ya mkia ilipotokea, na mwezi huohuo kijiji kikazika watu wengi. Wakasema nyota imemfuata yeye. Tangu hapo alikatazwa kushika mtoto ambaye kitovu hakijaanguka. Hata wanawe sita aliwanyonyesha huku wifi yake amewashikilia.

Na sasa nyota ilikuwa imerudi. Alfajiri ile wote waliiona juu ya ziwa.

Mjukuu wake, baba wa mtoto, alikuwa mwalimu wa fizikia. Alichukua kipande cha mkaa, akachora sakafuni jua, kisha njia ndefu inayolizunguka, mfano wa yai.

“Koko, iko inazunguka tu. Kila myaka soixante-seize, makumi saba na sita, ao karibu, inarudi. Ilikuya mu 1910. Mbele ya pale, 1835.”

Cibalonza akaiinamia ile michoro. “Mu 1835 mimi nilikuwa wapi?”

“Hata maman yako alikuwa bado hajazaliwa.”

“Ilikuya bila mimi?”

“Bila wewe, Koko.”

Bibi akashusha pumzi, akaanza kucheka, akacheka kama mwanamke aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni. Kitenge kikalegea. Mikono ikatoka.

“Munipatie mutoto.”

Mama wa mtoto akasita. “Koko, kitovu bado haijaanguka.”

“Najua. Ndiyo maana namutaka leo.”