Kompyuta ya Bwana Harusi

“Hiyo ndogo, fundi. Nataka ile yenye feni tatu.”

Eliya aliishika kadi ya picha mkononi, asijue acheke au alie. Tangu afungue duka lake pale Gongoni, mjini Tabora, alikuwa akitengeneza printa za shule na kompyuta za ofisi zilizochoka, huku akimwomba Mungu siku moja amletee mteja wa kumwambia, “Niundie mashine ya gemu, tena usinionee huruma.” Leo mteja kaja, macho yanang’aa, na Eliya anashindwa kufurahi. Sababu ni moja tu: mteja huyo alikuwa anaoa Ijumaa.

Mtaa mzima ulijua. Ridhaa, kijana wa duka la vitambaa, alikuwa anamwoa Taghreed, binti wa Mzee Badar, yule msichana mpole anayepita barabarani akitazama chini kama anayehesabu kokoto. Na badala ya kuhangaikia harusi, bwana harusi alikuwa amesimama kaunta akichagua rangi za taa za kompyuta.

“Mdogo wangu,” Eliya alisema kwa upole, “hii ndogo inacheza gemu zote. Chukua hii, kitakachobaki kitakusaidia kwenye mahari.”

“Mahari ndiyo inayoninyima usingizi, fundi,” Ridhaa alijibu, akacheka peke yake kama mwehu.

Akaipiga picha ile kadi, akaituma kwa simu, akabaki anatafuna kucha. Jibu lilipoingia aliruka. “Mtaalamu wangu kakataa. Feni tatu!”

“Mtaalamu gani huyo asiyekuhurumia?”

“We mwache tu. Yeye akikataa, mimi nimekwisha.”

Eliya akatikisa kichwa. Vijana na magenge yao ya gemu! Huko Lusu alikozaliwa, mahari ni ng’ombe. Baba wa binti anataja idadi, mkwe anameza mate, wazee wanazitazama pembe, shughuli imekwisha. Yeye mwenyewe aliuza baiskeli yake ili atimize ng’ombe wa mwisho wa mahari ya mkewe Yustina, na hajawahi kujuta. Angemwachaje huyu mtoto wa watu aende kwa mkwewe mikono mitupu kwa sababu ya taa zinazowaka na kuzimika? Akajipa kazi ya kumwokoa.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alipendekeza prosesa ya wastani, picha ikatumwa, ikakataliwa. Alipendekeza ramu ya kiasi, likaja jibu kwamba iwe mara mbili yake. Kwenye kipoza akajitutumua kabisa, akaapa kwamba feni ya kawaida inatosha. Simu ikalia papo hapo.

“Anauliza,” Ridhaa akasoma, “huyo fundi wako, wakati wa joto la Oktoba ya Tabora, huwa anakaa wapi? Anataka kipoza cha maji.”

Eliya akacheka hadi akashika kaunta. Walipofika kwenye mazabodi, ule ubao wa kuunganishia kila kitu, alikuwa ameshasalimu amri, na ukweli usemwe, furaha ilikuwa imemvaa. Huyo mtaalamu, awe nani, alikuwa na jicho! Kila alichokitaka kiliingia mahali pake bila kubishana na kingine.

Maboksi yakaja na basi kutoka Dar. Tabora imepokea mizigo ya pwani tangu enzi za misafara, ila sidhani kama uko mzigo uliowahi kubusiwa hadharani kama kile kipoza. Alhamisi wakaunganisha kila kitu. Taa zilipowaka zambarau na feni zikaanza kunong’ona, wanaume wawili wazima wakakumbatiana na kurukaruka, mpaka mama muuza vitenge wa jirani akaja kuuliza nani kafunga bao.

“Haya, nikupelekee nyumbani?” Eliya aliuliza, bado anahema.

“Hapana. Ilete kesho kwa Mzee Badar, baada ya sala ya Ijumaa.”

Furaha ya Eliya ikakatika. “Kwenye ndoa yako? Huwezi kuiacha hata siku moja?”

“Wewe ilete tu, fundi. Na spika usisahau.”

Kesho yake sebule ya Mzee Badar ilikuwa inanukia udi, kahawa inazunguka, halua imejaa sahani. Eliya aliiweka kompyuta pembeni, akaifunika kwa kitambaa cha meza, kisha akakaa mbele yake kuikinga, sheikh asije akaiona. Ridhaa, katika kanzu nyeupe, alikuwa anatafuna kucha tena.

Sheikh akakohoa. “Mahari iko wapi?”

Ndicho alichokiogopa Eliya. Mfuko wa yule kijana aliujua, kwa sababu yeye ndiye aliyeukausha. Akainuka bila kukaribishwa.

“Sheikh, naomba msimlaumu. Vitu vyote nitavichukua, nitamrudishia pesa zake...”

“Fundi, kaa,” Mzee Badar alisema.

Vijana wawili wakampita, wakaibeba kompyuta pamoja na kitambaa chake, wakaipitisha nyuma ya pazia, kwenye chumba cha wanawake. Ridhaa akafumba macho, midomo inacheza kwa dua.

Baada ya kitambo, kule ndani ikarindima milio ya bunduki, ukafuata mlipuko mmoja mkubwa, na juu yake vigelegele.

Bi Tufaha, mama yake Taghreed, akachungulia kwenye pazia. “Sheikh, bibi harusi anasema mahari yake imetimia vilevile alivyoitaka, na mfunge ndoa haraka, wenzake wanamsubiri mchezoni.”