Kuuguliwa Ugenini

Walimshusha ngazi kwa shuka la nyumba ya wageni, mlinzi ameshika upande wa kichwa, mkewe upande wa miguu. Alikuwa mzito, mchomeleaji aliyenyanyua vyuma maisha yake yote, na sasa mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Alijaribu kusema neno, likatoka mkoromo.

"Nyamaza," mkewe alimwambia. "Tunafika sasa hivi."

Hakujua wanafika wapi. Mji ule waliuingia jana jioni tu, mume amekuja kuangalia mashine ya kukatia vyuma. Popote alipokwenda alikwenda naye. Majirani waliwaita Uzi na Sindano, kwa kuwa mke alikuwa fundi cherehani, na hakuna aliyewahi kumwona mmoja bila mwenziwe.

Ugenini hakuna shangazi wa kumgongea mlango. Mhudumu wa mapokezi alisema gari la wagonjwa huwa linachelewa. Mke hakungoja. Alisimama katikati ya barabara, mikono juu, akalizuia gari la kwanza kupita, la kusambaza mikate. Dereva akaanza kufoka, lakini alipoona kilichomo kwenye shuka alishuka mwenyewe kusogeza makreti.

"Bahati yake ulikuwa umeamka, mama," mhudumu alisema akimsaidia kupanda. "Umeshavaa mpaka viatu. Mwingine angeshtuka jua limepanda, mtu ameshakauka." Akaongeza, "Na mnavyopendana. Jana muda wote anaandikisha majina, mkono wako hakuuachia."

Mke alipanda nyuma.

Njiani alimlaza mumewe ubavu, kichwa mapajani pake, akimfuta mate kwa ncha ya mtandio. Dereva alimpenyezea chupa ya maji.

"Mpe anywe kidogo."

"Hapana, atapaliwa. Mama yake alikufa hivyo. Walimlaza chali, kila mtu anamnywesha maji."

Hospitalini alijibu kila alichoulizwa, bila kubabaika. Presha anayo, tena ya kurithi. Dawa aliandikiwa, akazitupa. Pombe, ndiyo. Alianguka saa ngapi? Kulipoanza kupambazuka, alimsikia kwa masikio yake. Daktari alimtazama kwa heshima, akaingia ndani mbio.

Muuguzi mmoja aliona alama za vidole kwenye kifundo cha mkono wake, zimeanza kugeuka njano.

"Umejiumiza ukimbeba," alisema, akampaka dawa taratibu. "Wanawake wa siku hizi hawabebi waume zao, dada yangu."

Aliketi kwenye benchi la korido. Jua likapanda, watu wakaja, watu wakaondoka. Mwishowe daktari akatoka.

"Ataishi," alisema. "Na si mimi niliyemwokoa, ni wewe. Ungechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mke aliitikia kwa kichwa.

"Ila upande wa kulia umekwenda, sidhani kama utarudi. Kula, kuoga, kugeuka kitandani, yote atakutegemea wewe. Ukimtunza vizuri, ana moyo wenye nguvu. Anaweza kuishi miaka mingi sana."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, ameinama, mtandio mdomoni, mpaka bibi mmoja wa benchi la pili akaja kumkumbatia.

"Lia, mwanangu, lia," alimwambia. "Furaha nayo ina machozi yake. Angekuwa maiti saa hizi."

Muuguzi alimwingiza wodini, akamkabidhi mfuko wenye vitu vilivyotoka kwenye suruali ya mume: funguo, na simu mbili, ya mume na ya mke. Alichukua yake. Akasimama kando ya kitanda, akampigia dada yake.

"Uko wapi?" dada aliuliza. Nyuma yake zilisikika honi na makelele ya stendi ya mji uleule. "Basi letu limeondoka. Nimehamia la pili, nalo linajaza. Nimekushikia kiti."

"Nenda tu, dada."

Honi zikafifia, dada amesogea pembeni. Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Amekushtukia?"

Mume alifumbua macho. Mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulipapasa shuka mpaka ukaufikia mkono wa mkewe, ukaubana.

"Hapana," alisema mke. "Nilikuwa nimeshafika chini ya ngazi. Nikamsikia akianguka, nikarudi."