Maji ya Shahidi

Kila Ijumaa shoga yangu Tatu huja kunishuhudia. Sheria ya wosia hairidhiki tena na sahihi yake: lazima anitazame usoni kila wiki mpaka nife, aiambie bangili ya serikali iliyo mkononi mwake kama akili zangu bado ni timamu. Na kwa kuwa shahidi hatakiwi kunufaika, hapokei kitu kutoka kwangu, hata tonge. Akipokea, bangili hujua, wosia hubatilika, na nyumba niliyomwandikia mjukuu wangu humwendea shemeji yangu, ambaye ameshamwambia atafute pa kulala.

Leo nilipika pilau nikasahau kufunga mlango wa jikoni. Tatu, niliyekula naye sahani moja tangu usichana wetu, alikaa mkekani akimeza mate na kuzungumzia joto.

Mara akapaliwa. Alikohoa mpaka macho yakamtoka. Nikanyakua glasi ya maji.

"Bibi!" Mjukuu wangu Wastara alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane. "Nyumba, Bibi."

Bangili ikawaka taa ya njano. Tatu alikuwa ameshaninyooshea mkono.

Nikaitua glasi mezani.

Alikohoa peke yake mpaka kifua kikatulia. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akanitazama usoni kama sheria inavyotaka, akaisogeza bangili mdomoni.

"Nashuhudia," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Mosi ana akili timamu."