Mashine Mbovu

Themanini na moja.

Nesi akakitoa kibanio cha kupimia oksijeni kwenye unyayo wa kichanga, akakifuta, akakibana tena. Themanini na moja. Mtoto mzima hupata tisini na tano kwenda juu. Huyu alikuwa na siku mbili duniani, ananyonya kidogo anaacha, jasho linamtoka.

"Moyo wake hauko sawa," nesi alisema. "Asitoke leo."

Bibi mzaa baba akaja juu. "Hauko sawa vipi? Huyo ni babake mtupu! Hata hiyo midomo ya zambarau kaitoa kwake."

Mama mtu akamvuta mtoto kifuani, roho juu juu.

Baba, ambaye kwao walimwita Polepole, ndiyo kwanza anamaliza ngazi na begi la nguo. Akachuchumaa mlangoni.

"Mvivu wangu huyo," bibi akatania. "Ngazi kumi, mapumziko matatu. Tangu utotoni!"

Mkuu wa wodi akaingia kwa hasira, vitanda havitoshi. "Hiyo mashine imechoka. Tuijaribu kwa mtu mzima." Akambana Polepole kidoleni.

Themanini na tatu.

Wodi ikaangua kicheko. "Mnaona?" mkuu wa wodi akasema. "Kwa namba hii angekuwa hoi, na huyu hapa kabeba begi! Mama, funga virago, nenda nyumbani."

Nesi hakucheka. Mashine ilikuwa hiyo moja tu, nayo imeshamuumbua. Lakini mtoto alikuwa anahema kama aliyekimbizwa. Akatoka mbio, akamkuta daktari kwenye korido, akamvuta mkono. Adabu baadaye.

Waliporudi, mtoto alikwisha fungwa shali. Daktari akamfungua, akasikiliza kifua. Akasikiliza tena.

"Mrudisheni kitandani, haraka. Damu haimfikii vizuri mapafuni. Leo hii tunampeleka akapasuliwe."

"Atapona?" mama akauliza huku analia.

"Tumewahi. Angelala nyumbani, sijui." Akamgeukia mkuu wa wodi. "Nani kamruhusu?"

"Daktari, mashine ni mbovu! Muulize yeyote hapa, hata baba mtu tumempima."

Daktari akajibana kidole chake mwenyewe, akasubiri.

Tisini na tisa.

Akainua macho taratibu kutazama mlangoni. "Baba," alisema, "na wewe panda kitandani."